Tochi Inayomulika Hadi Kongo

Jumatatu, 8 Januari

Kurasa nne za mwanzo za daftari hili zimejaa nyimbo za kwaya nilizonakili nikiwa kwetu Simbo. Zilizobaki naanza kuzitumia leo, kwa sababu usiku sipati usingizi na mtu wa kumwambia kwamba naogopa sina. Nikimwambia Gasper anacheka. Nikimwambia mama yake anasonya.

Mimi ni mtoto wa wakulima. Maji niliyoyazoea ni ya kisimani na ya mvua. Gasper alinioa mwezi wa sita mwaka jana akanileta huku ufukweni, chini kidogo ya Ilagala, kwenye nyumba ambayo zamani ilikuwa ya mstari wa pili. Mstari wa kwanza ziwa limeumeza. Nyumba tano, pamoja na ile aliyozaliwa Gasper, zimo ndani ya maji. Kuta zake bado zimesimama, na ziwa likitulia unaona matofali ya juu. Sasa sisi ndio wa kwanza.

Choo kiko nje, upande wa ziwa. Kutoka mlangoni ni hatua ishirini. Kutoka chooni hadi majini nimepima leo mchana: hatua kumi. Mimba yangu ina miezi sita na kila usiku naamka mara tatu. Umeme hatuna tangu nguzo ilipoinama kwa maji na waya ukakatwa. Natumia mwanga wa simu, na simu naichaji kwa jirani mwenye sola, kwa hiyo mara nyingine nafika chooni na mwanga nikarudi gizani nikimwomba Mungu.

Huku kuna mamba. Mto Malagarasi ukijaa wanatoka mdomoni mwa mto na kutembea pwani. Hilo Gasper hakulitaja alipokuja kuposa.

Jumanne, 9 Januari

Mvua usiku kucha. Nilitoka mara nne.

Jumamosi, 13 Januari

Gasper amenipa elfu tano akaniambia ninunue tochi ninayoipenda. Tochi za elfu tano hazipendwi, zinachukuliwa tu. Nimechukua ya kuchaji, ndogo, rangi ya waridi. Mama mkwe aliigeuzageuza mkononi akasema mwanga wake ni wa kutafutia sindano.

Yeye huenda chooni bila taa yoyote. Anabeba mfuniko wa sufuria na mwiko, anagonga kwenda na kugonga kurudi. Nilipomwuliza kama haogopi alisema, "Mamba anamfuata aliyenyamaza." Anaitwa Veneranda, ana miaka sitini na kitu, na sijamwona akicheka tangu nifike. Wakati mwingine nikisikia ule mfuniko usiku nashtuka kuliko ningemwona mamba mwenyewe.

Jumatano, 17 Januari

Tochi ya waridi imekufa. Iliniponyoka ikaanguka kwenye dimbwi. Imeishi siku nne.

Jumamosi, 20 Januari

Tumekosana mimi na mama mkwe kwa ajili ya dirisha.

Chumba chetu kina dirisha linalotazama ziwa. Jana jioni niliweka kibatari pale ili mwanga uangukie njia ya choo. Hakupiga hodi. Aliingia, akakizima kwa vidole, akafunika dirisha kwa kitenge changu kizuri, cha harusi, na kukipigilia misumari juu.

"Upande wa ziwa hatuwashi taa."

"Kwa nini, Mama?"

"Hatuwashi."

Kwetu Simbo taa ya nje ndiyo ulinzi. Nyumba isiyo na taa watu huiita pango la fisi. Nilimsubiri Gasper nimweleze, lakini alikuwa anakimbilia boti, jua linazama. Alisema, "Msikilize mama," akaondoka na chakula chake kwenye ndoo.

Nimefikiri sana. Naona ni ubahili wa mafuta ya taa tu, au ni mambo yao ya mizimu ya ziwani ambayo mgeni haambiwi. Kama ni ubahili nitamstahimilia. Kama ni mizimu, basi ninaishi nyumba moja na mtu anayeogopa kitu nisichokijua, na hilo limeniongezea hofu.

Choo hadi maji: hatua tisa.

Alhamisi, 25 Januari

Mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa za boti, kwa hiyo wanaume wako nyumbani wanashona nyavu na kula kama mchwa. Usiku huu nilikwenda chooni bila tochi na nilimwona hata sisimizi.

Castory na Frida walikuja kutusalimia. Castory ni rafiki wa Gasper tangu utoto, ila anavua boti nyingine, yeye na Dismasi. Ni mtu wa maneno. Alipita mlangoni na "Mwakeye" yake ya Kiha ya asubuhi ingawa ilikuwa jioni, akaniuliza kama mamba amekwisha nichumbia. Nikamwambia mimi nacheka usoni tu, ndani nakufa kwa hofu, na zaidi nahofia wao kule ziwani.

"Usiogope, shemeji," akasema. "Sisi tunaondoka kwa injini na kurudi kwa taa."

Nilidhani anasema zile taa zao za kuvulia.

Frida ana watoto wawili, wa pili bado ananyonya. Nyumba yao iko juu mlimani, nyuma ya mwalo ambako boti zote hutia nanga. Alinishika tumbo akapapasa kama anayechagua nanasi. Alisema, "Siku yako ikifika nitakuja. Hata uwe usiku wa namna gani." Katika watu wote wa huku, yeye ndiye wa kwanza kunifanya nijisikie nimefika kwetu.

Alhamisi, 1 Februari

Tochi ya pili. Betri mbili kubwa, mwanga wa njano. Inaonyesha miguu yangu tu. Miguu yangu naijua.

Hatua nane.

Jumatatu, 5 Februari

Jana jioni, hata giza halijaingia vizuri, mamba amechukua mbuzi wa jirani. Imebaki kamba na kipande cha kigingi. Watoto walikusanyika kutazama, na mama mkwe akawafukuza kwa mfuniko. Alisema, "Afadhali ni mbuzi." Alisema hivyo akiwa ananitazama mimi, nami nikaona kama amenitakia mabaya.

Usiku sikutoka. Nilitumia ndoo. Asubuhi nilikwenda kuimwaga nikitetemeka mchana kweupe.

Hatua saba.

Jumatano, 7 Februari

Mbuzi wa jirani amenisaidia. Gasper ametoa elfu ishirini bila kubishana.

Nilipanda gari la asubuhi hadi Ujiji. Nilikwisha jifunza kwa makosa yangu, kwa hiyo nilipita maduka manne nikiuliza maneno yale yale. Ikiingia maji? Chaji inakaa saa ngapi? Inachajika kwa sola? Ina mkanda wa kuning'iniza? Wengine walinijibu kwa mabega. Duka la nne ni la kijana mmoja anaitwa Japhet, anauza magodoro, ndoo na vitu vya umeme, na ana mdomo.

"Dada, unanunua tochi au unachagua mchumba?"

"Mchumba nilimchagua haraka. Tochi siwezi."

Akacheka akanipangia tatu mezani. Ya kwanza nyepesi mno. Ya pili nzuri, lakini kifuniko cha pale pa kuchajia kilikuwa kimelegea, nikamkumbuka marehemu wa waridi. Ya tatu nyeusi, nzito, ina mpira mdomoni na mkanda imara, na Japhet mwenyewe aliitumbukiza kwenye ndoo ya maji ikiwa inawaka. Haikupepesa.

"Hii ukiwasha kwenu, Kongo wanafumba macho," alisema.

Nikamwambia mchana kila tochi ni hodari. Akaniingiza stoo, nyuma ya magodoro, akafunga mlango, akawasha. Niliona utando wa buibui kwenye kona ya mbali. Niliona misumari. Niliona kalenda kuukuu na kila tarehe yake. Machozi yalinitoka, naandika ukweli, kwa sababu ilikuwa wiki ya tano naishi kwa kupapasa. Elfu kumi na nane. Sikuomba hata apunguze.

Alhamisi, 8 Februari

Nimetoka nayo usiku mara ya kwanza. Nilimulika njia, nikamulika choo, nikamulika maji. Macho mawili mekundu, usawa wa maji, hayakupepesa.

Nilikuwa naogopa kitu nilichokuwa nakidhania. Sasa nimekiona na kimeniona.

Hatua sita.

Jumamosi, 10 Februari

Mama mkwe ameishika tochi, ameiwasha ndani, ameizima. "Hii imulike chini," alisema. Nikasema sawa, Mama. Mwezi haupo kabisa sasa. Gasper anatoka kila jioni na mawingu yanatoka naye.

Jumanne, 13 Februari

Nianze na Jumapili.

Jioni wanaume walitoka. Anga lilikuwa kimya, joto la kunata. Saa nne upepo ukaja kutoka upande wa Kongo, na mvua nyuma yake. Radi zilikuwa zinaonyesha ziwa lote halafu linapotea. Nililala na nguo. Saa tano nilishindwa kujizuia nikachukua tochi nikafungua mlango.

Nilimulika maji, yale macho hayakuwepo. Nikashukuru. Kisha nikateremsha mwanga kwenye njia, na macho yalikuwa nchi kavu, ubavuni mwa choo, hazifiki hatua ishirini kutoka nilipo. Mwili wote ulionekana. Sikupiga kelele. Nilirudi kinyumenyume.

Mlango wetu umeoza chini, unaweza kupitisha mkono. Nilijua akija barazani ataingia. Nilitoa mkono nje nikauning'iniza ule mkanda kwenye msumari wa nguzo ya baraza, tochi ikimulika choo na maji yote ya mbele. Nilisema moyoni, dakika chache tu, hadi nione amerudi majini. Nikakaa kitandani nikichungulia kwenye ufa. Aligeuka. Mkia wake ulifuata polepole. Akaondoka kwenye mwanga.

Nilipaswa kuitoa pale. Niliegemea ukuta. Mwanga ulikuwa unaingia kwenye ufa na kuchora mstari sakafuni, na kwa mara ya kwanza tangu nije huku sikuogopa. Usingizi ulinichukua nikiwa nimekaa.

Niliamshwa na mfuniko. Mama mkwe alikuwa barazani anaugonga kwa nguvu zake zote na kupiga ukemi, na sauti za wanaume zilikuwa zinamjibu kutoka majini, mbele yetu, pasipotakiwa kuwa na boti. Nyumba ilikuwa giza. Tochi ilikuwa kwapani mwake, imezimwa, imeviringishwa kwenye kanga.

"Umeiwasha tangu saa ngapi?"

"Tangu saa tano, Mama."

"Hii ni saa nane."

Watu wakaja na kamba. Walimvuta Dismasi, amepasuka kichwa. Boti ilikuwa imepanda juu ya kuta, zile nyumba tano, na kupasuka katikati. Walimwita Castory hadi kunakucha. Nami niliita. Sikujua bado kwa nini nilikuwa naita kuliko wengine.

Mama mkwe aliniambia jikoni, kwa sauti ya chini, akiwa anapuliza moto usiotaka kuwaka. Ufuko mzima usiku una taa moja tu. Taa ya mwalo, ile Mzee Selestini anayoiwasha juu ya mlingoti. Anayerudi gizani haoni mlima wala nyumba, anaifuata hiyo peke yake. Kwa hiyo kila nyumba ya mbele hufunika madirisha. Ndivyo wanavyorudi.

"Mama, hukuniambia."

"Nilikuambia hatuwashi."

"Hukuniambia kwa nini."

Alipuliza moto tena. "Sikujua kuna mtu asiyejua," akasema.

Alfajiri Gasper alirudi kwa miguu. Boti yao ilikuwa imejificha ufuko wa juu tangu upepo uanze. Nilimshika shati na sikuweza kumwachia. Baadaye aliuliza tochi iko wapi, akamtafute Castory kwenye matete. Mama yake alijibu kabla yangu: "Imelowa. Imekufa."

Iko ndani ya ndoo ya unga wa muhogo. Nilimwona anaifukia.

Jumatano, 14 Februari, siku ya Majivu

Wamempata mchana, kwenye matete ya mdomo wa mto. Amezikwa jioni hii hii. Frida hakulia mbele za watu. Alinipa mtoto nimshikie, akaniambia, "Wewe mwenye mimba usikae kwenye jua."

Jumanne, 20 Februari

Dismasi anasema waliona taa mbili. Anasema moja ilikuwa hafifu kwa mvua, nyingine kali, nyeupe, na kwamba yeye ndiye alikuwa kwenye usukani na aliifuata ile kali akijua ni mwalo. Hakuna anayemsikiliza. Kila mtu anajua Dismasi anakunywa. Wanasema alikuwa amelewa na upepo ukawasukuma kwenye kuta. Makaburini baba mkwe wa Frida aliuficha mkono wake nyuma Dismasi alipompa wa kwake. Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwao.

Kila jioni nachota unga wa ugali. Kila jioni vidole vinagusa kitu kigumu.

Mamba simwogopi tena kama zamani. Namwogopa mtu yeyote anayepiga hodi.

Jumapili, 3 Machi

Nimemwambia mama mkwe nataka kusema. Alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Aliendelea kuchambua.

"Ukisema watakurudisha Simbo na mjukuu wangu tumboni. Gasper hataweza kukuangalia. Mimi nimezika mume katika ziwa hili, nimezika na kaka wa Gasper. Huyu nataka nimwone." Dagaa walikuwa wanaanguka nje ya ungo. "Naogopa, Melania."

Nilimchukulia kuwa mtu wa jiwe. Miezi tisa nakula naye chungu kimoja na sikujua kwamba ule mfuniko anaugonga kwa hofu kama ninavyogonga meno.

Siku hizi hanipi nafasi ya kutoka peke yangu usiku. Nikiamka naye ameamka. Tunakwenda gizani, yeye anagonga, na nimegundua kila mara anapita upande wa maji, mimi upande wa nyumba.

Hatua tano.

Jumanne, 12 Machi

Giza limerudi. Gasper ameondoka saa kumi na mbili na boti yao. Nimefunika dirisha mwenyewe, nikaenda nje kuhakikisha hakuna hata uzi wa mwanga, nikarudi, nikaenda tena.

Jumatano, 13 Machi

Amerudi.

Alhamisi, 14 Machi

Amerudi. Aliniuliza kwa nini simtazami. Nikasema ni mimba.

Hatua nne.

Ijumaa, 22 Machi

Frida amekuja. Amekonda, kitambaa cheusi kichwani. Alikaa barazani, mgongo kwenye nguzo ile ile, chini ya msumari ule ule.

"Arobaini imepita," alisema, ingawa ilibaki siku moja au mbili. "Watoto wanaogopa, na mimi naogopa. Nataka tochi. Twende wote Ujiji kesho, wewe ndiye unayezijua."

Nilimwambia mgongo unauma. Akasema atanikodia bodaboda hadi barabarani. Mama mkwe alikuwa mlangoni amesimama.

Jumamosi, 23 Machi

Japhet alinikumbuka kabla sijamsalimia. "Dada mchumba! Vipi, Kongo wanalala?"

"Una tochi kali?" Frida akaniuliza.

"Ilikuwepo," nikasema.

Japhet alipanga tochi mezani kama siku ile. Frida hakuzigusa. Alisema anataka kali, nyeupe. Japhet akatuingiza stoo nyuma ya magodoro, mlango ukafungwa, akawasha pacha wa ile yangu. Kalenda ilikuwa palepale.

Frida aliitazama kwa muda mrefu.

"Kama hii," akasema. "Melania, usiku ule mtoto alikuwa ananyonya, nikachungulia. Mvua imeziba kila kitu. Halafu nikaona taa chini huko, nyeupe hivi, maji yote yanang'aa. Nikasema, leo wameweka taa mpya mwalo. Mume wangu atarudi vizuri. Nikawasha moto nikainjika maji ya ugali." Akajifuta pua kwa mkono. "Nimemwambia baba mkwe. Anasema huzuni inanionyesha vitu. Nataka yangu iwe kama ile, nione kama nilikuwa na wazimu."

Mtoto aligeuka tumboni hadi nikashika godoro. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo, hata mbele ya yale macho. Ningeweza kunyamaza. Naandika hili ili nisije kujidanganya baadaye: nilifikiria kunyamaza, na nilifikiria vizuri.

"Haikuwa ya mwalo," nikasema. "Ilikuwa yangu. Niliining'iniza barazani nikalala."

Japhet akaizima. Sijui kwa nini, nadhani mkono wake tu ulifanya hivyo. Tukabaki watatu gizani, na harufu ya magodoro mapya.

Sauti ya Frida ikatoka upande wa mlango. "Uliiwashia nini?"

"Mamba."

"Alikuwepo?"

"Alikuwepo."

Nilisikia anapumua. Akafungua mlango mwenyewe akatoka dukani kwenye jua. Alipomwona Japhet amerudi nyuma ya meza alimwambia, "Nipe ya njano. Ile inayoonyesha miguu." Akalipa, akaweka betri, akaijaribu mchana kweupe bila kuona kitu.

Garini alikaa mbele, mimi nyuma. Tuliposhuka alisema bila kugeuka, "Utamwambia Dismasi. Mbele ya watu. Mimi siwezi kukubebea."

Jumapili, 24 Machi

Jana usiku nilimwambia Gasper kwanza. Hakunipiga. Alivaa viatu akaondoka.

Leo baada ya misa ya Matawi nimekwenda mwalo. Niliingiza mkono kwenye ndoo ya unga nikaitoa. Mama mkwe hakunizuia. Alijifunga kanga yake, akachukua mfuniko, akatembea upande wa maji hadi tulipofika.

Nilisema yote, kuanzia mbuzi. Wavuvi walikuwa wamekaa juu ya boti zilizopinduliwa. Mzee Selestini aliichukua tochi, nyeupe kwa unga, akabonyeza. Baada ya wiki sita ikawaka, kali, machoni pa watu. Mtu mmoja aliniita muuaji. Mama mkwe akasema kwa sauti, "Kosa ni langu. Nilimpa amri, sikumpa sababu."

Dismasi alikaa chini kwenye mchanga. "Zilikuwa mbili," alisema. Alirudia mara tatu, kila mara akimtazama mtu mwingine. Baba mkwe wa Frida alimwendea akampa mkono, mikono yote miwili.

Wazee wamesema shauri langu litaamuliwa nikishajifungua. Tochi imebaki mwalo. Gasper analala ndani ya boti.

Jumamosi, 30 Machi

Naandika kati ya uchungu na uchungu, nisipige kelele. Ulianza saa kumi na mbili jioni, wiki moja kabla ya siku. Gasper hajarudi nyumbani, leo siku ya saba. Mwezi bado haujatoka. Hatua tatu.

Mama mkwe ametoka kutafuta msaada. Nilimwomba asiende kwa Frida, aende popote lakini siyo kwa Frida. Nilisikia mfuniko ukienda upande wa mwalo, ukapungua, ukapotea. Nimebaki peke yangu na mlango huu uliooza chini. Naogopa mamba. Naogopa kufa. Naogopa mtoto atoke na nisiwe na mtu wa kumpokea.

Uchungu umekuja tena, mkubwa.

Umepita. Nimesikia mfuniko. Nimeinua kona ya kitenge cha dirisha, kidogo, kidole kimoja tu. Pwani nzima ni giza ila taa ya mwalo, na chini yake kuna nyingine inayokuja huku. Ni ya njano, hafifu. Aliyeishika ameiinamisha, haigusi maji hata kidogo. Inaonyesha miguu tu: ya mama mkwe, na mingine miwili.

Tochi hiyo naijua, nilikuwepo ikinunuliwa. Sijui mwenyewe anakuja na nini moyoni. Nimekwenda kwa kushika ukuta, nimeondoa komeo.